Kuomba uzamili nje ukiwa Dodoma: anza na kazi zilizo mikononi mwa wengine

Ikifika Novemba, ujumbe unaoingia kwenye simu yangu huwa wa aina moja: "Shikamoo mwalimu, samahani kwa usumbufu, naomba barua ya udhamini, mwisho ni kesho." Wanaoutuma ni vijana wazuri, wengine nimewafundisha mwenyewe na najua wanachokiweza. Nafundisha katika chuo kimoja hapa Dodoma, na kuandika barua hizi kumenionyesha mahali maombi yanapokwama. Ni nadra kukwama kwenye insha. Yanakwama kwa sababu nusu ya ombi iko kwa watu wengine: ofisi ya mitihani, mhadhiri aliyesafiri, ofisa utumishi, wakili. Kwa hiyo nimepanga hatua hizi kwa kufuata nani atakuchelewesha zaidi. Insha, yaani barua ya nia, ambayo kila mtu huanza nayo, nimeiweka ya nne.

Hatua ya 1: Sawazisha majina

Toa mezani cheti cha kuzaliwa, vyeti vya kidato cha nne na cha sita, cheti cha shahada, transkripti, kitambulisho cha taifa na pasipoti kama unayo. Soma jina lako herufi kwa herufi. Utakuta cheti cha kidato cha nne kina majina mawili, kitambulisho kina matatu, na jina la babu limeandikwa kwa Z huku na kwa S kule. Tofauti ndogo ya tahajia huwa inatosha hati ya kiapo mbele ya wakili. Ikiwa ni jina jingine kabisa, kwa mfano ulibadili dini au ulichukua jina la mume, utahitaji hati ya kubadili jina, ile watu wanaiita didipoli, iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Maliza hili kabla hujaomba pasipoti, maana pasipoti ikishatoka na kosa unaanza upya.

Hatua ya 2: Transkripti, na ile GPA

Kama hukumaliza fomu ya kuthibitisha kwamba huna deni chuoni, kamalizie sasa. Kitabu kimoja cha maktaba kinaweza kuzuia kila kitu. Iulize pia ofisi ya mitihani kama inaweza kutuma transkripti moja kwa moja kwa barua pepe ya ofisi au katika bahasha iliyofungwa kwa muhuri, kwa sababu vyuo kadhaa vya nje, pamoja na mashirika yanayotathmini vyeti kama WES, hukataa transkripti iliyopita mikononi mwa mwombaji.

GPA, yaani wastani wa alama zako, inawatesa wengi bila sababu. Mfumo wetu unaishia 5.0, wa Marekani unaishia 4.0. Mtu mwenye 4.1 anachukua kikokotoo, anagawa kwa tano, anazidisha kwa nne, anapata 3.28, na papo hapo amejishusha. Hesabu hiyo haina maana, kwa sababu huku A inaanzia alama 70, na Marekani kwa kawaida A inaanzia 90. Alama 72 ya mtihani wa chuo cha Tanzania na alama 72 ya chuo cha kule ni vitu viwili tofauti. Andika kama ilivyo: "4.1 kati ya 5.0, daraja la pili la juu", na uhakikishe umeskani pia ukurasa wa transkripti wenye maelezo ya madaraja, ambao mara nyingi uko nyuma na steshenari huwa wanausahau. Fomu ikilazimisha namba ya mfumo wao, fuata maelekezo ya chuo husika. Usitegemee vikokotoo vya mtandaoni.

Hatua ya 3: Wadhamini

Anza miezi miwili kabla ya tarehe ya mwisho. Kwa kawaida utaombwa wawili au watatu.

Jiji hili limejaa wizara, na kishawishi kikubwa ni kumtafuta kigogo wa Mtumba, kwenye mji wa serikali, anayefahamiana na mjomba wako. Acha. Barua ya mkurugenzi asiyejua umeandika nini kwenye utafiti wako itakuwa na aya mbili za "ana bidii na nidhamu", na msomaji wa kamati ya udahili ameshasoma nyingi za namna hiyo asubuhi ileile. Mhadhiri msaidizi aliyekusimamia mradi wa mwaka wa tatu, akaona ulivyorudia kukusanya takwimu baada ya dodoso la kwanza kushindikana, ana la kusema. Ukiweza kumpata mtu wa namna hiyo ambaye pia ana shahada ya uzamivu, vizuri zaidi.

Ukimwomba, usimwachie mikono mitupu. Mtumie barua pepe moja yenye wasifu wako, transkripti, rasimu ya barua ya nia, orodha ya vyuo na tarehe zake, na mistari michache ya kumkumbusha: ulisoma naye somo gani, mwaka gani, ulipata alama gani, mradi ulihusu nini. Darasani kwetu kuna mamia. Nakukumbuka sura, ila kichwa cha utafiti wako hapana, na aibu ya kukuuliza inanifanya niandike kwa ujumla.

Kisha kuna mambo madogo yenye madhara makubwa. Tumia anwani yake ya barua pepe ya chuo, kwa sababu anwani ya bure huwatia wasiwasi watu wa udahili. Mfumo wa maombi wa chuo unachoomba utamtumia kiungo cha kuweka barua, na kiungo hicho hupenda kuangukia kwenye spamu, kwa hiyo mpigie simu siku hiyohiyo umwambie aangalie. Fomu za Marekani zitakuuliza kama unaacha haki yako ya kuja kuisoma barua hiyo. Kubali kuiacha, kwa sababu barua ambayo mwombaji anaweza kuisoma huaminiwa kidogo. Mhadhiri akikwambia "andika mwenyewe nitasaini", na hili ni la kawaida kuliko tunavyokiri, mwombe badala yake akupe robo saa umsimulie kazi zako. Msomaji akikuta insha na barua zina mkono mmoja anajua.

Kumkumbusha siyo utovu wa adabu. "Shikamoo Daktari, nakukumbusha kwa heshima, mwisho ni tarehe 15" inatosha, wiki mbili kabla na tena siku tatu kabla.

Hatua ya 4: Barua ya nia

Sentensi kama "Maji ni uhai, na tangu utotoni nimependa kuisaidia jamii yangu" inaweza kuandikwa na mtu yeyote wa nchi yoyote. Ukurasa huu upo ili kuonyesha swali ulilonalo na kwa nini chuo kile ndicho cha kulijibia. Tuseme unaomba masomo ya maji. Jiji la Dodoma hunywa kwa sehemu kubwa maji ya visima vya Makutupora, na kumbukumbu za vipimo vya visima hivyo, zinazozidi miaka 50, zimewaonyesha watafiti kwamba maji ya chini hujazwa zaidi na misimu michache ya mvua kubwa sana kuliko mvua ya kila mwaka. Anza hapo: je, mji unaokua tangu serikali ihamie unaweza kupanga vipi matumizi ya maji yanayojazwa kwa vipindi? Sasa una swali, una mahali, na una sababu ya kumtaja mhadhiri wa kule anayefanya kazi za namna hiyo.

Wa kilimo wana mtama na zabibu, wa historia wana michoro ya miambani Kondoa, wa mipango miji wana jiji zima linalojengwa mbele ya macho yao. Anayeomba uzamivu Uingereza au Ujerumani mara nyingi hutakiwa kumpata msimamizi kwanza. Barua pepe ya kumwomba iwe fupi, itaje kazi moja ya mhadhiri huyo uliyoisoma kweli, na iambatishe wasifu.

Hatua ya 5: Kiingereza na pesa

Matokeo ya IELTS na TOEFL, mitihani ya kupima Kiingereza, hudumu miaka miwili, kwa hiyo usifanye mapema mno. Kabla ya kulipia, iulize ofisi ya udahili kama inakubali barua ya chuo chako inayoeleza kwamba ulifundishwa kwa Kiingereza. Baadhi hukubali. Vyuo vya Marekani vinavyotoza ada ya maombi mara nyingi vina fomu ya kuomba msamaha wa ada hiyo, na kuijaza hakukuharibii ombi. Ufadhili wa Chevening wa Uingereza na wa DAAD wa Ujerumani hauna ada ya kuomba. Anayekutaka umtumie pesa kwa simu "akushughulikie" ni tapeli, hata kama ana ofisi yenye bendera.

Mtumishi wa umma ana foleni nyingine: ruhusa ya masomo. Ofisi ya utumishi itauliza kama umethibitishwa kazini na kama jina lako lipo kwenye mpango wa mafunzo wa taasisi. Mpango huo hupangwa kabla ya mwaka wa fedha, kwa hiyo kapeleke jina kabla hata hujachagua chuo.

Hatua ya 6: Tuma, na uhesabu saa vizuri

Mwisho ukiwa saa 5:59 usiku (wao huandika 11:59 p.m.) wa tarehe 15 Desemba kule New York, hiyo ni saa 1:59 asubuhi ya tarehe 16 hapa Dodoma. London kipindi hicho iko nyuma yetu kwa saa tatu. Wanapoandika 12:00 mchana ya Uingereza, kwako ni saa tisa alasiri. Pamoja na hayo, tuma siku mbili kabla. Umeme hukatika, bando huisha, na mfumo hulemewa na watu wa dunia nzima dakika za mwisho. Hifadhi faili la PDF la ombi lote, kwa sababu utaitwa kwenye usaili ukiwa umesahau ulichoandika.

Hatua ya 7: Kusubiri

Kwa Marekani, majibu mengi hutoka Februari hadi mwanzoni mwa Aprili. Uingereza, kozi nyingi za uzamili hujibu kadiri maombi yanavyoingia. Kwetu huo ni msimu wa mvua, na mwenye shamba Kongwa au Bahi ana bahati, kwani jembe halina kitufe cha kuonyesha upya ukurasa.

Ingia kwenye akaunti ya maombi mara moja kwa wiki, hasa kuhakikisha hakuna nyaraka iliyoandikwa kwamba haijafika. Hiyo ndiyo taarifa pekee unayoweza kuifanyia kazi. Neno "linapitiwa" linaweza kukaa miezi miwili na lisikuambie lolote. Usiandike kuulizia kabla ya tarehe waliyoitaja. Andika ukiwa na jambo jipya: makala imekubaliwa, matokeo ya mwisho yametoka, umepandishwa cheo.

Usitangaze kwenye grupu la ukoo. Shangazi ataanza kuuliza unaondoka lini, na utajikuta unawafariji watu kwa jambo ambalo bado hujalipata. Waambie wadhamini wako na mtu mmoja wa nyumbani.

Shughulikia pasipoti sasa. Anayelenga Uingereza kwa zaidi ya miezi sita ajue kwamba waombaji wa viza kutoka Tanzania hupimwa kifua kikuu katika kliniki iliyoidhinishwa, na hiyo iko Dar es Salaam. Kwa treni ya SGR unaweza kwenda na kurudi bila kuchoka sana.

Hatua ya 8: Jibu

Soma barua mara mbili, kwa sababu udahili na ufadhili ni maamuzi mawili. Udahili wa masharti maana yake kuna karatasi wanayoisubiri, aghalabu transkripti halisi au matokeo ya Kiingereza. Udahili usio na pesa usikufanye ulipe amana kwa mkopo wa kikoba.

Ukipewa ufadhili Marekani na chuo kinakusukuma ujibu Machi, fahamu kwamba vyuo vingi vimesaini makubaliano ya kukuachia hadi tarehe 15 Aprili. Jibu kwa upole kwamba utatoa uamuzi ndani ya muda huo. Ukiwekwa kwenye orodha ya kusubiri, andika aya moja kwamba bado unataka nafasi, kisha unyamaze. Ukikataliwa, unaweza kuuliza sababu kwa barua fupi. Wachache hujibu, ila jibu hilo hukusaidia sana kwa maombi ya mwaka ujao.

Ukishachagua, viandikie vyuo vingine siku hiyohiyo kwamba huendi. Kuna mtu kwenye orodha yao anayesubiri nafasi hiyo. Halafu wapigie simu wadhamini wako uwaambie matokeo, yawe mazuri au mabaya, kwa sababu wengi wetu huwa hatuambiwi na mwakani utatuhitaji tena.