Kutoka Picha ya Simu hadi Mchoro Dhahania: Ufuo wa Maji Kupwa

Picha ya simu hubeba vitu vingi mno. Kila kigingi, kila kiwimbi na kila mtu aliyepita mbali kamo humo, na vyote vimepewa uzito sawa. Kazi ya mchoraji wa mandhari dhahania, yaani mandhari iliyopunguzwa kuwa maumbo na rangi, ni kuamua kipi kibaki, na uamuzi huo hufanyika kabla brashi haijalowa. Wengi hukwama hapa. Huanza kwa kunakili picha, wakishachoka huivuruga kwa brashi kubwa wakitumaini kwamba sasa imekuwa dhahania. Kinachopatikana ni mchoro wa kawaida uliochafuka.

Mwongozo huu unafuata picha moja tu: ufuo wa mashariki wa Unguja, kule Paje na Jambiani, maji yakiwa yamekupwa na mashamba ya mwani yako wazi. Mandhari hiyo imejipanga yenyewe kwa matabaka. Juu kuna anga, kisha mstari mweupe wa mawimbi yanayovunjika mwambani, feruzi ya maji haba, mchanga, na viraka vyeusi vya mwani. Hatua hizihizi zinafaa kwa milima ya Usambara au mashamba ya chai ya Kericho, ila rangi ndizo zitakazobadilika.

Picha yenyewe

Piga mwenyewe. Picha ya mtu mwingine ina mwenyewe, na sheria za hakimiliki za Tanzania (1999) na Kenya (2001) zinamlinda. Ukichora kutoka kwa picha yake na ikatambulika, omba ruhusa kwanza.

Nenda siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, kwa kuwa ndipo maji hutoka mbali. Upande huo maji ya bamvua hufika chini kabisa kwenye saa nne asubuhi hivi, jua likiwa bado upande wa bahari. Ukielekeza simu baharini utapata mng'ao mkali juu ya maji, na simu itajaribu kuurekebisha. Hapo ndipo picha inapoanza kudanganya. Anga hugeuka jeupe tupu au vivuli huwa vyeusi tii, ingawa jicho lako liliona zambarau na bluu ndani ya vivuli hivyo. Lenzi pana ya simu husukuma mbali vilivyo mbali: mwamba unabaki uzi mwembamba, na mchanga wa mbele unakula nusu ya picha. Juu ya yote, programu ya simu huongeza ukali wa bluu na kijani bila kukuuliza.

Kwa hiyo, papo hapo ufuoni, andika mistari mitano kwenye karatasi: kipi ni cheupe kuliko vyote, kipi ni cheusi kuliko vyote, rangi gani ilikuwa na joto, rangi gani ilikuwa baridi, na jicho lilitua wapi kwanza. Piga pia picha mbili tatu kwa kuvuta lenzi mara mbili, ili vipimo vya mbali na karibu vikae karibu na vile ulivyoviona. Baadaye, suala la rangi liamuliwe na karatasi. Picha itumike kwa mpangilio.

Kuipunguza picha

Hii ndiyo sehemu ya kutumia muda. Saa nzima si nyingi.

Kwanza kata picha iwe na umbo la ubao wako. Picha ya simu huwa 4:3, kanvasi ya sentimita 40 kwa 50 ni 5:4, na ubao wa mraba ni 1:1. Ukianza bila kukata, utajikuta unanyoosha au kubana maumbo ili yaenee, na mpangilio uliokuvutia unapotea. Hapa tunatumia mraba wa sentimita 60 kwa 60, kipimo ambacho wachoraji wa Tingatinga wamekizoea tangu enzi za Edward Saidi Tingatinga mwenyewe.

Geuza picha iwe nyeusi na nyeupe, ongeza utofauti wa giza na mwanga, kisha ifinyie macho mpaka vitu vidogo vipotee. Itakuachia toni nne hivi, yaani viwango vya giza na mwanga. Katika picha yetu, povu la mwambani na mchanga mkavu ndivyo vyeupe zaidi. Anga hufuata, kisha maji, na mwani uko chini kabisa kwa giza. Andika namba 1 hadi 4 juu ya kila eneo. Ngazi hii ya toni ndiyo inayoshika mahali. Unaweza kupaka bahari rangi ya chungwa na bado mtu wa Jambiani akaitambua, mradi toni zimekaa. Toni zikivurugika, hata feruzi sahihi kabisa haitakuokoa.

Sasa chora vichoro vidogo visivyopungua vinane, kila kimoja mraba wa sentimita 6, kwa penseli ya 6B au kalamu nene. Dakika mbili kwa kimoja, na maumbo yasizidi matano. Kila kichoro kibadilishe jambo moja. Pandisha upeo wa macho hadi karibu na ukingo wa juu. Unganisha anga na maji viwe umbo moja. Geuza picha juu chini, kisha chora unachokiona. Kufikia cha tano au cha sita yale mazoea ya kadi za posta yameisha mkononi, na mambo yanaanza kunoga.

Angalia viraka vya mwani kwa makini. Kwa karibu ni vigingi vilivyopigwa mchangani kwa safu, kamba zimefungwa kutoka kigingi hadi kigingi, na vishada vya mwani vinaning'inia. Ukirudi nyuma, hayo yote yanakuwa pembenne nyeusi zilizolala mshazari juu ya mchanga mweupe. Mshazari huo una thamani kubwa, kwa sababu matabaka yote mengine yamelala mlalo, na matabaka mlalo matupu hutoa bendera. Pembenne moja kubwa ya mwani inayokata kutoka kona ya chini kushoto hadi ndani ya feruzi inavunja bendera hiyo. Vigingi usivichore vyote. Vitatu au vitano vya kukwaruza baadaye vinatosha, na wakati mwingine hata hivyo havihitajiki.

Chagua kichoro ambacho umbo moja linatawala, likichukua zaidi ya nusu ya eneo, na ambacho hakuna maumbo mawili yenye upana sawa. Anga la theluthi moja, maji theluthi moja na mchanga theluthi moja ni mpangilio uliokufa.

Vifaa

Ubao wa hadibodi wa milimita 3, upande laini, uliopigwa msasa namba 220 kidogo tu. Paka jeso, ile rangi nyeupe ya kutayarishia ubao, mara tatu, mkono wa kwanza mlalo, wa pili wima, wa tatu mlalo tena, na kila mmoja ukauke kabla ya unaofuata. Paka na upande wa nyuma angalau mara moja, la sivyo unyevu wa pwani utaukunja ubao. Jeso ikikosekana, emulsheni nyeupe ya ukutani isiyong'aa inafaa kwa mazoezi. Ile yenye mng'ao wa hariri iache, maana rangi haipati pa kushika.

Rangi za akriliki: nyeupe ya titani (chupa kubwa, utaimaliza kabla ya zote), bluu ya ultramarini, bluu ya ftalo, manjano ya hansa, oka ya manjano na siena iliyochomwa (kahawia yenye wekundu). Basi. Nyeusi haihitajiki, kwani ultramarini na siena iliyochomwa, nusu kwa nusu, hutoa giza lenye uhai linaloweza kuelemea kwenye baridi au kwenye joto.

Usichanganye akriliki na rangi ya mafuta ya dukani, ile ya kung'aa ya kupakia mabati na baiskeli. Ikitangulia hiyo, akriliki juu yake itabanduka vipande vipande.

Brashi bapa mbili, ya milimita 50 (ya mafundi rangi inatosha) na ya milimita 25. Kisu cha rangi, kipande cha skwiji ya kusafishia vioo au kadi ya zamani ya simu, chupa ya kunyunyizia maji. Brashi nyembamba ziache kabatini.

Kwenye joto la pwani akriliki hukauka kwenye sahani ndani ya dakika kumi. Chukua sinia, tandaza kitambaa kilicholowa maji, juu yake weka karatasi ya kuokea, kisha changanyia rangi hapo. Ukifunika usiku, rangi itakuwa bado laini kesho yake.

Kupaka

Mkono wa kwanza ni wa joto. Changanya oka na siena kidogo, ongeza maji kiasi, paka ubao mzima na uache ukauke. Vipande vya rangi hii vitachungulia katikati ya bluu baadaye na kuifanya bahari iwe na jua. Maji yasizidi nusu ya rangi. Yakizidi, gundi ya akriliki inakuwa haba, na rangi ikikauka inatoka kama unga ukiipangusa kwa kidole.

Chora mipaka ya maumbo matano kwa brashi ya milimita 25 ukitazama kichoro kidogo. Picha iko mezani, lakini imefunikwa. Anza na giza: pembenne ya mwani, kwa siena, ultramarini na chembe ya manjano. Kisha weka cheupe zaidi, mchanga, kwa nyeupe, oka kidogo na ultramarini kiasi cha ncha ya kisu. Ukishakuwa na ncha mbili za ngazi, toni za kati utazipima kwa urahisi.

Feruzi ndiyo inayowashinda wengi. Kwa asili inatokana na mwanga unaopita maji haba yanayonyonya wekundu, ukagonga mchanga mweupe na kurudi, kwa hiyo ni rangi yenye mwanga chini yake. Chukua nyeupe vijiko ishirini, ftalo kijiko kimoja, manjano kijiko kimoja, na tia ftalo mwishoni, kidogokidogo, kwani ina nguvu ya kumeza kila kitu. Mchanganyiko huo peke yake ni feruzi ya mabango ya utalii. Uvunje kwa chembe ya siena iliyochomwa mpaka ukali upungue. Kipande kimoja kidogo tu, karibu na mwamba, kiachwe kikali.

Kumbuka kwamba akriliki hukauka ikiwa nyeusi kidogo kuliko ilivyopakwa, kwa kuwa gundi yake ni nyeupe kama maziwa ikiwa mbichi na huwa angavu ikikauka. Paka doa kwenye karatasi, lipepee likauke, ndipo uamue.

Paka kwa brashi ya milimita 50, mikono mipana, ukibeba rangi ya kutosha. Pita mara moja au mbili na uondoke. Ukiendelea kusugua rangi iliyokauka nusu, ngozi yake inachanika na kuacha mashimo yenye kingo chafu. Ikitokea, acha ikauke kabisa, piga msasa, paka upya. Kuitengeneza ikiwa mbichi ni kuongeza jeraha.

Mkono wa pili ukikauka, weka picha ya simu mbali kabisa. Kuanzia hapa ubao unajibu ubao. Paka tabaka nene la feruzi nyepesi juu ya bluu, kisha buruta skwiji mara moja kutoka kushoto hadi kulia. Itaacha mistari ya chini ikionekana, kama maji yanavyofanya juu ya mchanga. Kwa vigingi, kwaruza kwa mpini wa brashi rangi ikiwa bado mbichi ili rangi ya joto ya chini itokeze. Tafuta michoro ya Richard Diebenkorn, mchoraji wa Marekani, ya mfululizo wa Ocean Park, alioanza huko California mwaka 1967, uone jinsi mistari aliyobadilisha mawazo juu yake ilivyoachwa ichungulie chini ya rangi.

Kingo zinahitaji uamuzi wao. Mahali pamoja tu, ambapo mwani mweusi unakutana na mchanga mweupe, pawe na ukingo mkali. Unaweza kutumia utepe wa karatasi. Kwingine kote lainisha kwa brashi yenye unyevu. Kingo kali zikienea kila mahali, jicho halijui pa kutua.

Mambo yanayoharibika

Mchoro ukionekana umefifia, upige picha kwa simu na uifanye nyeusi na nyeupe. Karibu kila mara utakuta toni zote zimejikusanya katikati. Rudisha giza la mwani na weupe wa mchanga, usiguse kingine.

Matope hutokea rangi tatu au nne zinapochanganywa ubaoni bila kuoshwa kwa brashi, hasa siena ikikutana na feruzi mbichi. Changanya kwenye sinia, na ubaoni weka tu.

Kishawishi cha kuongeza mtumbwi mdogo au mwanamke anayevuna mwani huja mwishoni, mchoro unapoonekana mtupu. Kitu kimoja kinachotambulika ndani ya maumbo dhahania hunyonya jicho lote, na matabaka uliyoyahangaikia yanageuka mandharinyuma. Badala yake panua umbo lililopo au ongeza mkwaruzo mmoja.

Ukiona umekwama, geuza ubao juu chini, uutazame kutoka mita tatu. Sehemu inayoelemea itajionyesha.

Ukimaliza, uache ubao wiki mbili au tatu mahali penye hewa kabla ya vanishi. Akriliki hukauka juu haraka lakini ndani bado ni laini, na penye joto na unyevu hunata. Mbao mbili zikiegemezwa uso kwa uso zitagandana, na ukizitenganisha moja itachukua ngozi ya nyingine. Weka karatasi ya kuokea katikati. Gazeti litaacha wino.