Begi la kinanda: chukua futi kabla ya kuchukua pochi

Dukani utaulizwa kwanza, "Cha funguo ngapi?" Ukijibu 61, muuzaji atashusha begi moja ukutani na kukuhakikishia kwamba linatosha. Swali lenyewe halitoshi. Casio CT-S300, Yamaha PSR-E373 na Yamaha PSR-SX900 vyote vina funguo 61. Cha kwanza kina urefu wa sm 93, upana wa sm 25.6 na kimo cha sm 7.3. Cha pili ni sm 94.5 kwa 36.9 kwa 11.8, na cha tatu ni sm 101.7 kwa 43.1 kwa 13.9. Kwa uzito, cha kwanza kina kilo 3.3 na cha tatu 11.5. Begi la cha kwanza halimfai mwenye cha tatu hata kidogo.

Ng'oa kibao cha kuegemezea nota, kisha pima mwenyewe kwa futi. Kimo kipime pale palipoinuka zaidi, yaani juu ya nobu (vitufe vya kuzungusha) au jostiki (kijiti cha kupinda sauti), si juu ya funguo. Ndani ya begi pawe na nafasi ya ziada ya sm 1 hadi 2 kwa urefu na kwa upana. Ikizidi sm 3 kinanda kitateleza na kugonga ncha kila basi linapofunga breki. Jazia pengo kwa kipande cha sponji ngumu. Begi la kubana nalo lina hasara yake: zipu hukandamiza nobu, na yenyewe huachia kwenye kona, ambako huvutwa zaidi.

Sponji usiitazame, ibonyeze. Bana ukuta wa begi kwa kidole gumba na cha shahada: vidole vikikaribia kugusana, hiyo ni ya mapambo. Unene wa milimita 10 unatosha kwa kinanda chepesi kinachotoka nyumbani hadi kanisani kwa gari. Kwa safari za kila wiki tafuta milimita 20. Sponji laini ya godoro hunywa maji na hulala baada ya muda. Ile ngumu ya mikeka ya mazoezi hainywi maji na hurudi ilipokuwa. Kagua zaidi ncha mbili za begi, kwa sababu ukilibeba mgongoni, ncha moja ndiyo inayotua chini kila unapopumzika. Watengenezaji wengi hubana matumizi hapo hapo.

Mikanda ya mgongoni ishonwe kwa mraba wenye msalaba ndani, siyo mstari mmoja wa uzi. Zipu iwe pana, yenye vishikio viwili. Kuhusu neno "waterproof" kwenye lebo, fungua begi uangalie mshono kwa ndani: ukiona mwanga kwenye matundu ya sindano, maji nayo yatapita. Kwa anayepanda bodaboda msimu wa masika, kifuniko cha mvua cha kuvalisha juu ni lazima.

Mfuko wa mbele ndio unaoharibu vinanda vingi kimyakimya. Adapta ikiwekwa humo na begi likalazwa, pembe ya adapta hukaa juu ya skrini, na mzigo mwingine ukija juu yake, skrini inapasuka. Adapta na pedali viende kwenye mkoba mwingine.

Begi laini huzuia mgongano, halizuii uzito. Kwenye buti ya basi la mkoani, chini ya gunia la mchele, hata sponji ya milimita 30 haitakuokoa. Hapo unahitaji kasha gumu: plaiwudi ya milimita 9, kona za chuma, komeo za kuzungusha, na sponji ndani. Ujue tu kwamba kasha la PSR-SX900 huongeza kilo zisizopungua 10, kwa hiyo utahitaji mtu wa pili wa kulibeba. Kama huendi mikoani, usijitese nalo.

Kipimo chako kisipopatikana dukani, fundi wa kushona mabegi na viti vya magari anaweza kukushonea. Mpe vipimo vya ndani na unene wa sponji, asikisie. Kwa PSR-E373 na sponji ya milimita 20, chukua kila kipimo, ongeza sm 4 za sponji pande mbili, kisha sm 1.5 za nafasi (kwa kimo, 1 inatosha). Utapata begi la sm 100 kwa 43 kwa 17 kwa nje. Mwambie hivyo ni vipimo vya begi lililokamilika. Kitambaa cha ziada cha mshono akiongeze mwenyewe wakati wa kukata. Zipu izunguke pande tatu, ili begi lifunguke kama kitabu na kinanda kilazwe badala ya kusukumwa kutoka ubavuni.

Kwa ndege, jumlisha urefu, upana na kimo: mashirika mengi huweka kikomo cha sm 158 kwa mzigo wa kawaida, na begi hilo hilo limefika sm 160. Uliza kabla ya kukata tiketi. Kinanda kisisafirishwe ndani ya begi laini kama mzigo wa kukabidhi, hata likibandikwa kibandiko cha "fragile" (huvunjika upesi).