SOMO: Kuanzisha gazeti la tarafa linaloishi bila mfadhili

Wakuu, salaam. Naandika kutoka milima ya Usambara, wilaya ya Lushoto, kwenye mabonde ya kabichi, viazi na karoti. Hapa kwetu tumeanzisha gazeti mara mbili. La kwanza lilikuwa na mfadhili: karatasi ya kung'aa, picha za rangi, linachapwa Dar es Salaam na kupandishwa mlimani kwa basi. Mradi ulipofungwa na gazeti likafungwa, na hakuna msomaji hata mmoja aliyeuliza limeenda wapi. Hilo liliniuma kuliko hela iliyopotea. La pili ni karatasi moja ya A3 iliyokunjwa, kurasa nne, nyeusi na nyeupe, kila baada ya wiki mbili. Likichelewa siku moja simu yangu haitulii. Somo hili linahusu hilo la pili.

Kazi yenyewe si ngeni kwetu. Pale Magila, Muheza, misheni ilikuwa ikichapa Habari za Mwezi tangu miaka ya 1890. Mwanza miaka ya 1970 kulikuwa na Elimu Haina Mwisho, gazeti la watu wazima waliotoka kwenye kisomo na kukosa cha kusoma. Nchini Mali, Kibaru lilianza mwaka 1972 kwa Kibambara, likiwalenga wakulima. Hamu ya kusoma vijijini ipo siku zote. Kinachokatika ni hela ya karatasi.

Hatua ya 1: Pima eneo kwa pikipiki. Eneo lako ni lile unaloweza kulizunguka kwa bodaboda kuanzia asubuhi na kurudi kabla ya giza. Kwetu ni tarafa moja. Ukitaka wilaya nzima utaandika habari za ofisi za wilayani tu, maana huko ndiko utakakofika kwa urahisi.

Hatua ya 2: Tafuta habari ambayo hakuna mwingine atakayeiandika. Hapa ndipo gazeti linapoishi au kufa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ziara ya waziri itatangazwa redioni na kwenye simu kabla hujawasha kompyuta. Achana nayo. Habari yako ya kwanza ni mapato na matumizi ya kijiji. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982 inataka mkutano mkuu wa kijiji uitishwe kila miezi mitatu. Nenda, kaa mbele, andika kila tarakimu: zilizokusanywa, zilizotumika, zilizobaki, nani aliuliza, alijibiwa nini. Mkutano usipoitishwa, hiyo nayo ni habari: andika tarehe ya mkutano wa mwisho, basi.

Ya pili ni bei. Asubuhi ya gulio tunaandika bei ya kabichi na gunia la viazi shambani, kisha tunampigia mtu aliye soko la Mabibo, Dar es Salaam, atupe bei ya siku hiyohiyo. Namba mbili, moja kando ya nyingine. Siku tuliyoongeza uzito halisi wa gunia la lumbesa, yaani lililojazwa kupita kipimo, tuliopima wenyewe kwenye mizani mbele ya mkulima na dalali, nakala ziliisha kabla ya adhuhuri. Hakuna aliyetukanwa kwenye habari ile. Tuliandika kilo tu.

Kisha vifo na misiba, shule na matokeo yake, bomba la maji lililokauka na siku ngapi limekauka, ng'ombe aliyepotea, barabara iliyokatika. Yaandike majina ya watu kwa usahihi. Ukikosea jina la marehemu, familia haitakusamehe, na ina haki.

Hatua ya 3: Fanya mazoezi kabla ya leseni. Tengeneza matoleo matatu ambayo hayatoki nje ya chumba. Wape watu watano wa rika tofauti wayasome mbele yako, nawe utazame macho yao yanapochoka. Kama toleo la tatu huna cha kujaza, bora ujue sasa.

Hatua ya 4: Sheria. Kwa Tanzania, Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inataka gazeti liwe na leseni kutoka Idara ya Habari, MAELEZO, na leseni hiyo inahuishwa kila mwaka. Waandishi nao wanatakiwa kuwa na ithibati, na kigezo cha elimu ni angalau stashahada. Kwetu mhariri ana stashahada ya uandishi wa habari. Wengine ni walimu wastaafu na vijana wa vijijini wanaotuletea taarifa, naye anazithibitisha na kuziandika. Ada ulizia huko huko, kisha uiingize kwenye hesabu ya mwaka. Usiilipe kwa mkopo.

Hatua ya 5: Hesabu. Huu ni mfano wa toleo moja, badilisha namba kwa bei za kwenu. Nakala 300 kwenye mashine ya rizo, ile ya kurudufu, tuseme shilingi 200 kila moja: 60,000. Bodaboda na vocha: 30,000. Posho za wanaoandika: 50,000. Jumla 140,000.

Nakala moja unaiuza shilingi 500, muuzaji anabaki na 100. Weka kwamba zitauzika nakala 240, usijidanganye kwamba zitaisha zote. Unapata 96,000. Matangazo madogo sita ya 10,000 kila moja ni 60,000. Jumla 156,000. Kinachobaki ni 16,000, na hiyo si mshahara wako, ni ya leseni na ya siku mashine ikiharibika.

Ni hela ndogo, ndiyo. Lakini angalia imetoka wapi: duka la pembejeo, fundi cherehani, mwenye mashine ya kusaga, saccos. Tangazo moja lisizidi robo ya mapato yako yote. Atakayekulisha nusu ya chakula atakuchagulia na maneno ya kuandika.

Hatua ya 6: Liuze pale watu walipo. Gulio, mlango wa msikiti na kanisa baada ya ibada, kijiwe cha bodaboda. Siku ikishachaguliwa isibadilike, hata mvua inyeshe vipi. Zisizouzika zirudi, zihesabiwe, ziandikwe daftarini.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Ngara: *Shikamoo mwalimu. Kwetu wazee wengi hawasomi. Si nitakuwa nawaandikia vijana tu, ambao wako kwenye simu?*

Marahaba mwanangu. Nakala moja kwetu inasikilizwa na watu wengi kuliko wanaoisoma. Mjukuu anasoma, babu anauliza, "Rudia hapo kwenye bei." Kwa hiyo andika sentensi fupi zinazosomeka kwa sauti, na herufi zisiwe ndogo. Kabla ya kuchapa, sisi huwa tunamsomea mtu mmoja gazeti zima. Pale msomaji anapojikwaa, tunaandika upya.

Mwanachama, Mbozi: *Kaka, kwa nini usiweke yote kwenye kundi la WhatsApp? Karatasi ni gharama bure.*

Mdogo wangu, kundi tunalo, tunatangaza humo kwamba toleo limetoka. Ila taarifa ya kundi inafutwa, inakatwa kipande, inaongezewa chumvi, na kesho kila mtu anakana. Karatasi inabaki kabatini. Mama mmoja alikuja mkutanoni na toleo la miezi minane nyuma akamsomea mtendaji ahadi yake neno kwa neno. Pia kumbuka kwamba ukifungua blogu ya habari unaingia kwenye kanuni za maudhui ya mtandaoni za TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na hizo ni taratibu nyingine.

Mwanachama, Kilifi: *Habari ndugu. Huku Kenya mambo ni hayo hayo?*

Njema dada. Hesabu na habari ni zilezile, sheria ni tofauti. Kwenu kuna Sheria ya Vitabu na Magazeti, na marekebisho ya 2002 yalipandisha dhamana ya mchapishaji kutoka shilingi 10,000 hadi milioni moja. Kabla hujanunua rimu ya kwanza, pata ushauri wa wakili kuhusu dhamana hiyo.

Mwanachama, Kilosa: *Mwenyekiti wa kijiji kaniambia nikiandika mapato na matumizi tutaonana wabaya. Nifanyeje?*

Usiende peke yako, na usiandike kwa hasira. Omba taarifa kwa barua yenye nakala, igongwe muhuri wa kupokelewa. Hudhuria mkutano na mwenzako ili pawe na daftari mbili. Mpelekee mwenyekiti maswali kabla ya kuchapa na umpe nafasi ya kujibu. Akijibu, liweke jibu lake lote, hata likijaza safu nzima. Akikaa kimya, andika tarehe uliyomuuliza. Wa kwetu alikataa kunisalimia miezi minne. Sasa analeta taarifa mwenyewe Jumatatu, ananiomba nihakiki kama hesabu imejumlishwa sawasawa.