Kuamsha injini ya gari la zamani lililolala miaka mingi

Usianze na betri. Gari likikaa miaka bila kuwashwa, ringi za pistoni hushikwa na kutu kwenye silinda, oili hushuka yote chini, na petroli iliyobaki hugeuka gundi. Ukipiga staata katika hali hiyo unaweza kuvunja ringi au kukwaruza silinda, na hapo injini iliyokuwa nzima itabidi ifumuliwe. Anza kwa mkono.

Toa plagi zote. Mimina mililita 5 za oili nyepesi, yaani kijiko cha chai, katika kila tundu, uache mpaka kesho yake. Weka gia huru, shika bolti ya puli ya krenkshafti (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni) kwa spana ndefu, kisha zungusha polepole kufuata mwelekeo wa injini yenyewe. Ikigoma, usichomeke bomba kwenye spana ili kuongeza nguvu. Changanya mafuta ya gia za otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu, mimina, subiri siku kadhaa, ujaribu tena mbele na nyuma kidogo kidogo. Mchanganyiko huu unashika moto upesi, kwa hiyo cheche na sigara zikae mbali.

Sikiliza mkono wako. Mzunguko ukiwa mzito mwanzo hadi mwisho, ni ringi kavu. Lakini injini ikizunguka vizuri kisha ikagonga na kusimama palepale kila mara, huenda valvu imekwama wazi na pistoni inaigusa. Hapo simama, fungua kifuniko cha valvu uikague. Ukilazimisha, valvu itapinda. Lengo ni mizunguko miwili kamili ya krenkshafti bila kukwama, kwa sababu ndipo kila valvu imefunguka na kufunga.

Sasa badilisha oili na filta. Oili ya bei nafuu yenye unene unaotakiwa inatosha kwa leo. Chomoa waya wa umeme unaoingia kwenye koili inayozalisha umeme wa cheche, funika matundu ya plagi kwa kitambaa, ndipo upige staata sekunde 10 kwa wakati mmoja hadi taa ya oili izime. Bila plagi hakuna kompresheni, hivyo beringi hazibebi mzigo zikiwa kavu.

Petroli ya zamani mwaga yote, na mipira ya petroli badilisha yote, hata inayoonekana nzima. Fungua kabureta, safisha jeti, yaani vitundu vya kupitishia petroli, kwa dawa na upepo; waya wa chuma hupanua tundu la shaba na gari litakunywa mafuta daima. Hakikisha sindano ya boya, inayozuia petroli kabureta ikijaa, inafunga, maana ikikwama petroli hufurika juu ya injini. Pointi, yaani vikatio vya umeme wa cheche ndani ya distribyuta, zisugue kwa msasa laini, upime mwanya wake kwa fila geji (vibamba vya kupimia mwanya): magari mengi hutaka karibu milimita 0.4, ila fuata kitabu cha gari lako.

Jaza maji rejeta, rudisha plagi na waya wa koili, weka kizimamoto karibu, washa mahali penye hewa. Taa ya oili isipozima ndani ya sekunde chache, zima injini. Moshi wa mwanzo ni ile oili uliyomimina. Moshi ukiendelea injini ikishapata moto, kagua ringi na sili za valvu. Baada ya dakika 20 zima, umwage oili ingali ya moto ili itoke na uchafu wake, uweke nzuri na filta mpya. Gari lisitoke barabarani kabla ya kubadilisha mafuta ya breki na mipira ya masta silinda (pampu ya breki).