Remiksi ya kwanza kwa Reaper: jinsi ya kushughulikia wimbo wa chakacha uliorekodiwa bila metronomu

Mwezi uliopita binamu yangu alinijia na mafaili mawili aliyoyarekodi uani kwao Mombasa. Moja lilikuwa na sauti ya mama yake, yaani shangazi yangu, akiimba wimbo wa chakacha alioutunga mwenyewe, na la pili lilikuwa na ngoma zilizomsindikiza. Alitaka remiksi ya kuchezewa kwenye spika kubwa, yenye kiki (ngoma nzito ya chini) inayopiga mfululizo na besi ya sintesaiza, lakini hakuwa amewahi kufungua programu yoyote ya kutengenezea muziki. Kazi ilituchukua jioni tatu, na mbili kati ya hizo zilimezwa na suala la tempo (idadi ya mapigo kwa dakika) peke yake, kwa kuwa walirekodi bila metronomu, yaani kifaa cha kugonga mapigo sawasawa, kwa hiyo hapo ndipo nitakapokaa kwa muda mrefu.

Hatua ya 1: Sauti safi na ruhusa

Omba faili la sauti ya mwimbaji peke yake kutoka kwa aliyerekodi. Zipo programu za bure za kutenganisha sauti na ala, kama vile Demucs, na zimeendelea sana, lakini mabaki ya ala hubaki ndani ya sauti na hujitokeza zaidi unapobadilisha kasi. Mimi huzitumia pale tu ambapo rekodi ya awali imepotea kabisa.

Wimbo una mwenyewe hata kama ni wa ndugu. Andikianeni makubaliano mafupi ya nani anamiliki nini kabla remiksi haijatoka nje ya nyumba, kwa sababu kubadilisha wimbo na kuusambaza ni haki ya mwenye wimbo, nchini Kenya na Tanzania pia.

Hatua ya 2: Programu

Tumia Reaper, programu ya kurekodi na kuhariri muziki. Faili lake la kusakinisha ni dogo, hufanya kazi vizuri hata kwenye kompyuta iliyozeeka, na unapewa siku 60 za kuijaribu bila kunyimwa chochote, kisha leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Maprodyuza wengi wa kwetu hutumia FL Studio, nami sina ugomvi nayo, ila toleo lake la majaribio halikupi nafasi ya kufungua tena kazi uliyoihifadhi, na anayejifunza anahitaji kurudia kazi yake kesho na keshokutwa.

Hatua ya 3: Zuia programu isivute sauti bila wewe kujua

Hatua hii ni ya sekunde 10, lakini kutoijua kuliwahi kunigharimu usiku mzima. Reaper ikiwa kama ilivyotoka kiwandani, kila unapobadilisha tempo ya kazi, nayo hubadilisha kasi ya sauti iliyomo ili iendane na tempo mpya. Ukiwa unatafuta tempo ya wimbo, matokeo yake ni kwamba unaandika 96, mistari ya gridi (ile ya wima inayoonyesha mapigo kwenye skrini) haikutani na mapigo ya wimbo. Unaandika 98, bado haikutani. Unaandika 100, hali ni ileile, kwa sababu gridi na sauti vinasogea pamoja, na umbali kati yao haupungui kamwe. Nilidhani sikio langu ndilo lenye kasoro.

Kabla ya kuingiza faili lolote, bonyeza Alt na Enter ili kufungua mipangilio ya kazi, tafuta pameandikwa Timebase, na upande wa vipande vya sauti chagua Time. Kuanzia hapo sauti itatulia mahali pake na gridi peke yake ndiyo itakayosogea.

Hatua ya 4: Tafuta tempo halisi

Usiitegemee programu ikukisie. Chakacha huhesabiwa kwa sita: kila pigo kubwa, lile ambalo mguu unalikanyaga, hugawanyika mara tatu. Programu nyingi hutarajia mgawanyiko wa mbili au nne, kwa hiyo huunganisha vigawanyiko viwili viwili na kukupa tempo iliyozidi ya kweli kwa nusu yake. Sisi tulipewa 147 ilhali mguu wa binamu yangu ulikuwa ukikanyaga 98.

Hesabu kwa mkono. Kwenye faili la ngoma, vuta picha ya sauti karibu mpaka uone mlima mkali wa pigo la kwanza, weka alama kwenye mguu wa mlima huo hasa, kisha hesabu mapigo makubwa 64 yanayofuata baada ya hilo na uweke alama nyingine kwenye la mwisho. Zidisha 64 kwa 60, ugawe kwa sekunde zilizopita kati ya alama hizo mbili. Kwetu zilikuwa sekunde 39.2, hivyo tempo ni 97.96. Andika 97.96, usiandike 98. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini wimbo ukifika dakika ya nne imekwisha kuwa takriban sehemu ya kumi ya sekunde, na kiki yako itasikika kama inamtangulia mwimbaji.

Acha kipimo cha 4/4 (mapigo manne katika kila fungu) kama kilivyo, na badala ya kukibadilisha kuwa 6/8, weka gridi ya tatu tatu. Kwa njia hiyo kila pigo kubwa linakaa kwenye mstari mzito, kiki itaangukia hapo yenyewe, na hutachanganyikiwa na hesabu ya tempo, ambayo Reaper huifanya kwa noti za robo, yaani pigo moja moja la 4/4.

Hatua ya 5: Nyoosha palipopinda

Tempo uliyoipata ni wastani tu. Wapiga ngoma wa uani huongeza mwendo wimbo unaponoga, na hilo ni jema, isipokuwa kiki ya kompyuta haiwezi kuwafuata. Sogeza mafaili yote mawili pamoja hadi pigo la kwanza likae kwenye mstari wa gridi, kisha sikiliza ngoma pamoja na metronomu mpaka usikie zikianza kuachana. Chagua vipande vyote viwili, rudi nyuma hadi pale mwimbaji anapovuta pumzi, na ukate kwa S. Unganisha jozi iliyofuata kwa G ili sauti na ngoma visiachane, zima mnato wa gridi kwa Alt na S, na uisogeze mpaka pigo lake la kwanza likutane na mstari. Endelea hivyo mpaka mwisho wa wimbo. Sisi tulikata mara 19.

Ongozwa na ngoma, usiongozwe na maneno. Shangazi huchelewesha neno la mwisho la kila mstari kwa makusudi, na binamu yangu alikwisha kuyavuta manne kwenye gridi kabla sijamzuia. Uimbaji uligeuka kuwa wa mashine. Kata kati ya mistari ya wimbo, usikate kamwe katikati ya neno, na usikubali kishawishi cha kunyoosha kila silabi.

Hatua ya 6: Tempo mpya

Hifadhi nakala ya kazi. Sasa rudi kwenye Timebase, chagua lile chaguo la Beats linalotaja mahali, urefu na kasi kwa pamoja, hakikisha mpangilio wa kutunza kimo cha sauti umewashwa kwenye kila kipande, kisha badilisha tempo. Binamu yangu alitaka 120, ambayo ingeharakisha sauti kwa zaidi ya asilimia 22, na pumzi za shangazi zingesikika kama za mtu anayekimbizwa. Tulitua kwenye 106, ongezeko la asilimia 8. Sikushauri kuvuka asilimia 10 kwa sauti ya mtu.

Hatua ya 7: Kiki, besi na mwangwi

Zima faili la ngoma, weka kiki kwenye kila pigo, na kayamba kwenye vigawanyiko vitatu. Kwa besi, Vital na Surge XT ni sintesaiza za bure na zinatosha. Shangazi hakuimba kwa kufuata kinanda, kwa hiyo tulishusha sintesaiza kwa senti 30 (senti ni sehemu moja ya mia ya nusu toni) hadi ikakubaliana naye. Ala ndiyo imfuate mwimbaji. Ondoa kwenye sauti yake kila kilicho chini ya hezi 100, na uweke mwangwi wa milisekunde 377, ambazo kwa tempo ya 106 ni theluthi mbili za pigo.

Hatua ya 8: Kutoa faili

Bonyeza Ctrl, Alt na R, utoe WAV ya biti 24, na umpe mwimbaji asikilize kabla ya mtu mwingine yeyote. Shangazi alisikiliza mara moja, akauliza kwa nini haanzi ubeti wa pili kwa pumzi. Tulikuwa tumeikata bila kujua tulipokuwa tukinyoosha. Tulivuta ukingo wa kipande kile kuelekea kushoto, pumzi ikarudi, tukatoa faili upya.