Kupiga picha ndege binafsi kwa ajili ya soko: panga kwa kurudi nyuma kutoka macheo

Jua la Nairobi halimsubiri mtu atafute trekta. Hilo nililijua nikiwa kiwanja cha ndege cha Wilson, miaka kadhaa iliyopita, nimesimama na kamera mbili, msaidizi mmoja, na ndege iliyoegeshwa pua ikitazama ukuta. Ndege ilikuwa safi. Rubani alikuwa amefika. Jua lilichomoza vizuri kabisa nyuma ya mkia, mahali ambapo sikulihitaji. Trekta la kuvuta ndege lilikuwepo, ila chuma cha kuunganisha na gurudumu la mbele kilikuwa cha ndege ya aina nyingine. Kilipopatikana kinachofaa ilikuwa imeshagonga saa 2 asubuhi na mwanga umekuwa mkali wa kuumiza macho. Mteja alinilipa nusu, na sikumlaumu.

Tangu siku ile napanga kwa kurudi nyuma. Naandika dakika ya jua kuchomoza juu ya karatasi, kisha nauliza: kabla ya hapo ni nini lazima kiwe tayari? Na kabla ya hicho? Mfano wangu hapa utakuwa Pilatus PC-12, ndege ya injini moja inayoonekana sana Wilson, lakini utaratibu ni uleule kwa Caravan au King Air.

Hatua ya 1: Uliza picha inauza nini

Mwenye ndege akikupigia simu, usianze na bei. Muulize kama anauza ndege au anauza safari. Ni kazi mbili tofauti.

Anayenunua ndege anataka ushahidi. Anataka ubavu wa kushoto na wa kulia, mkia, tumbo, magurudumu, mlango wa mizigo ukiwa wazi, kila kiti, zulia, dashibodi nzima ya rubani. Atakuza picha yako hadi aone kama rangi imebanduka kwenye ukingo wa bawa. Kwa kazi hii usifute mkwaruzo wala kutu kwa kompyuta. Doa la mafuta kwenye sakafu futa upendavyo, halihusu ndege. Lakini kasoro ya ndege yenyewe iache, kwa sababu mkaguzi wa mnunuzi atakuja kuiona na jina lako litatajwa.

Anayekodi anataka kujiona ndani. Picha kumi zinamtosha: ngazi imeshushwa, meza ina kahawa, dirisha lina mwanga. Hapa kuna swali ambalo wapiga picha wengi hawaulizi: je, ndege imeandikishwa chini ya cheti cha mwendeshaji wa biashara ya anga, kile wanachokiita AOC? Ndege binafsi isiyo chini ya cheti hicho hairuhusiwi kubeba abiria wa kulipa, hata ikiwa na viti vya ngozi. Kama imo, mwendeshaji ana masharti yake kuhusu nembo na usalama, na yeye pia lazima akubali ratiba yako.

Hatua ya 2: Soma jua la mahali ulipo

Wilson iko kama digrii 1.3 kusini mwa ikweta. Uzuri wake ni kwamba mwaka mzima jua huchomoza kati ya saa 12:10 na 12:45 asubuhi, kwa hiyo ratiba haibadiliki sana. Ubaya wake ni kwamba linapanda wima. Linapanda karibu digrii 15 kwa saa. Dakika 25 baada ya kuchomoza, ule wekundu umeshaondoka. Saa moja na nusu baadaye, kwa Caravan ambayo mabawa yake yako juu, kivuli cha bawa kimeshaanza kufunika madirisha. Jioni ni hivyohivyo kwa kinyume, na giza huingia upesi: kati ya jua kuzama na mwanga wa angani kufifia una kama dakika 20 tu.

Angalia pia upande. Mwezi Juni jua huchomoza kaskazini kidogo mwa mashariki, Desemba kusini kidogo, na tofauti kati ya miezi hiyo miwili inafika digrii 47. Maegesho yaliyokupa mwanga mzuri wa pua mwezi wa sita yanaweza kukupa kivuli cha hanga mwezi wa kumi na mbili. Mimi huenda siku mbili kabla, asubuhi ileile, bila kamera, nasimama tu. Walinzi wamenizoea.

Julai na Agosti, Nairobi inapojifunika mawingu hadi adhuhuri, wenzangu huahirisha kazi. Mimi naziomba siku hizo kwa picha za ndani. Kwa nje jihadhari na kitu kimoja: ndege nyeupe mbele ya mawingu meupe inapotea kingo zake. Iweke mbele ya hanga jeusi au miti.

Hatua ya 3: Karatasi na watu

Wilson iko chini ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege vya Kenya. Omba mapema kibali cha kuingia na kupiga picha ndani ya eneo la ndege, na utaje majina na namba za vitambulisho vya kila mtu, hata yule kijana wa kubeba stendi. Andika orodha ya vifaa. Droni iache nyumbani: kurusha droni jirani na kiwanja cha ndege bila idhini ya mamlaka ya anga ni kosa, na hakuna picha ya maegesho inayostahili kesi.

Watu wanne lazima wawe na namba yako ya simu usiku wa kuamkia kazi: rubani, injinia wa ndege hiyo, dereva wa trekta, na mtu wa mashine ya umeme wa ardhini. Nampigia kila mmoja mwenyewe. "Kapteni, shikamoo, nakuomba saa kumi na moja na nusu, si kumi na mbili." Injinia nampa orodha ya milango itakayofunguliwa. Dereva namuuliza swali moja, nalo unalijua sasa: chuma chake kinaingia kwenye ndege hii?

Kumbuka pia kwamba asubuhi ndiyo saa ya ndege za safari za Maasai Mara. Maegesho hujaa watu, mizigo na matrekta. Kama ndege yako inaweza kuegeshwa pembeni, mbali na msongamano huo, omba hivyo mapema.

Hatua ya 4: Siku moja kabla

Ndege ioshwe jana yake, si asubuhi ya kazi. Maji yaliyobaki kwenye viungo vya mabati huteleza yenyewe polepole na kuacha michirizi unapokaribia kubonyeza. Waoshaji wapitie sehemu tatu wanazozisahau: wadudu waliokauka kwenye ukingo wa mbele wa bawa, masizi ya bomba la moshi, na magurudumu. Usimruhusu mtu aguse madirisha kwa sabuni ya kioo cha gari. Madirisha ya ndege ni ya akriliki na yanakwaruzika. Injinia ana dawa yake.

Ndani, toa kila kitu: miwani ya rubani, chupa za maji, mifuko ya kutapikia. Mikanda ya viti ikunjwe kwa namna moja, viti vyote viwe na mwinamo mmoja. Inachukua saa nzima, na ni heri uipoteze jioni kuliko macheo.

Hatua ya 5: Asubuhi, picha za nje

Ndege ni kioo chenye umbo la samaki. Itaonyesha gari lako, koti lako la kuakisi mwanga, na msaidizi wako anayekula mandazi. Koti la usalama ni lazima ulivae, basi simama ambapo halionekani kwenye ubavu, na gari lipelekwe mbali.

Usikaribie mno. PC-12 ina urefu wa mita 14.4 na mabawa ya mita 16.28. Kwa kamera ya sensa kubwa (full frame) na lenzi ya milimita 70, utahitaji kurudi nyuma kama mita 40 ili ienee na ibakize hewa pembeni. Ukikimbilia lenzi ya milimita 24 kwa kuwa nafasi ni finyu, pua itavimba kama ya nguruwe na mkia utakuwa wa kuku. Kama mita 40 hazipo, badilisha maegesho. Lenzi usiiguse.

Anza na robo tatu ya mbele, yaani pua na ubavu vikionekana pamoja, kamera ikiwa usawa wa kiuno au chini kidogo, kwa sababu ndiyo picha itakayotangulia kwenye tangazo. Kisha ubavu mtupu. Kisha mlango na ngazi. Toa riboni nyekundu, vifuniko vya vipima kasi na mkanda unaofunga propela, lakini aliyevifunga ndiye avifungue, na vigingi vya magurudumu vibaki mpaka rubani aseme. Propela hugeuzwa na injinia, kamwe si wewe: yenye mapanga matatu iwekwe kama herufi Y iliyopinduliwa, yenye manne kama X. Fahamu pia kwamba injini za PT6, kama ile ya PC-12, zikizimwa mapanga hujigeuza, kiasi kwamba ukisimama mbele unaona ukingo mwembamba tu. Hilo haliwezi kurekebishwa kwa kusukuma.

Filta ya polaraiza inashawishi, maana inakata mng'ao. Ila akriliki ya madirisha ikionekana kupitia filta hiyo hutoa mistari ya rangi za upinde wa mvua. Piga moja ukiwa nayo na moja bila.

Hatua ya 6: Propela inayozunguka

Hapa ndipo wageni wa kazi hii hujulikana. Ukipiga kwa kasi ya shata ya 1/1000 ya sekunde, propela inaganda na ndege inaonekana imezimika angani. Hesabu ni rahisi. Propela ya PC-12 angani huzunguka mara 1,700 kwa dakika, yaani kama mara 28 kwa sekunde. Kwa 1/125, kila panga linapita digrii 82. Kama mapanga ni manne, yameachana kwa digrii 90, kwa hiyo duara linakaribia kujaa. Yakiwa matano linajaa kabisa. Caravan nyingi zina mapanga matatu, yaliyoachana kwa digrii 120, na kasi ya juu ya 1,900 kwa dakika. Hapo shuka hadi 1/80. Ardhini propela huzunguka polepole zaidi, basi shuka tena, na utumie stendi.

Injini ikiwaka, hakuna anayepita mbele ya bawa. Mimi huchora mstari kwa chaki. Na kabla ya kuwasha, hesabu vifuniko vya lenzi, filta na betri: kitu kidogo kilichoachwa sakafuni kinaweza kunyonywa.

Hatua ya 7: Ndani

Kabini ya PC-12 ina upana wa mita 1.52 na kimo cha mita 1.47. Utapiga ukiwa umepiga magoti, na magoti yatauma. Weka kamera kwenye kimo cha macho ya abiria aliyeketi. Lenzi ya milimita 16 hadi 20 inatosha. Chini ya hapo unaifanya kabini iwe ndefu kama basi la Mombasa, na mteja akiingia atajiona ametapeliwa.

Taa na skrini zisitegemee betri ya ndege. Nusu saa ya taa zote inaweza kuichosha hadi injini isiwake, ndiyo maana ulimwita mtu wa mashine ya umeme wa ardhini. Tatizo la pili ni madirisha: nje kuna mwanga mara nyingi zaidi ya ndani. Naweka kamera kwenye stendi napiga tano, kutoka ya giza hadi ya mwanga, kisha naziunganisha. Nje ya madirisha msaidizi anashika shuka jeupe ili maegesho yasionekane. Ni shuka la kitandani, la shilingi mia chache, na limenifanyia kazi kuliko flashi yangu ya bei.

Chumba cha rubani kina mtego wake. Injini ikiwa imezimwa, skrini hujaa maonyo mekundu na ya manjano, kwa mfano shinikizo la mafuta, na mnunuzi asiyejua atashtuka. Mwombe rubani aonyeshe ramani kwenye skrini zinazoweza, au piga sehemu hiyo injini ikiwaka. Shata isiwe na kasi kuliko 1/60, la sivyo utapata mistari kwenye skrini. Na ivue ile polaraiza: skrini zinaweza kutoka nyeusi tii.

Hatua ya 8: Angani, kama ni lazima

Wateja wengi hawahitaji, na huwa nawaambia hivyo. Ndege mbili kukaribiana ni kazi ya marubani waliofunzwa kuruka pamoja. Wao ndio wanaopanga umbali, kasi na neno la kuvunja msafara, na mazungumzo hayo hufanyika ardhini, kila mtu akiwa amesimama. Mpiga picha anaomba, haamuru. Kama mmoja wa marubani hajawahi kuruka hivyo, funga kamera.

Hatua ya 9: Makabidhiano

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inachukulia kwamba hakimiliki ya kazi iliyoagizwa imehamia kwa mwagizaji, isipokuwa mmekubaliana vingine. Ukitaka picha zibaki zako, andika kabla ya kushika kamera: zitatumika wapi, kwa muda gani, na kama dalali wa ndege anaruhusiwa kuzitumia akishauza. Muulize mwenye ndege pia kama namba ya usajili, ile inayoanza na 5Y, ionekane au ifutwe. Kwa namba hiyo watu hufuatilia safari za ndege mtandaoni, na si kila tajiri anapenda ijulikane kwamba Jumamosi alikuwa Lamu.