Kumwondoa mzazi asiyejiweza kabla kimbunga hakijafika: tunavyofanya sisi na Baba

Baba yangu alivua samaki Tanga kwa zaidi ya miaka thelathini. Kusi ikianza kugeuka aliijua kwa shingo yake kabla tanga halijatikisika. Leo hawezi kujigeuza kitandani. Kiharusi cha kwanza kilimpata 2016, cha pili 2018, na hicho cha pili kikachukua upande wote wa kulia pamoja na maneno. Anasikia, anaelewa, anakumbuka. Kusema tu ndiko hawezi. Anaishi nasi, mimi, mke wangu na kijana wetu, kaunti ya Galveston, Texas, karibu na bahari, na kila mwaka kuanzia 1 Juni hadi 30 Novemba ni msimu wa vimbunga.

Nimeshahama naye mara moja, kimbunga Laura, Agosti 2020. Na mara moja nimebaki naye nyumbani, kimbunga Beryl, Julai 2024. Kubaki ndiko kulikoniumiza, na ndiyo sababu naandika.

Beryl mwanzoni kilitabiriwa kwenda Mexico na kusini mwa Texas. Njia yake iliposogea kuja kwetu tukaambiwa ni daraja la 1, nikasema hicho tutakivumilia. Kiliingia nchi kavu karibu na Matagorda alfajiri ya Jumatatu, 8 Julai. Nyumba yetu haikutoka hata kigae. Lakini Houston na vitongoji vyake zaidi ya wateja milioni 2 walikatikiwa umeme, na sisi tukakaa gizani siku sita. Godoro la Baba ni la hewa, linajazwa na pampu inayohamisha mgandamizo kutoka upande mmoja kwenda mwingine ili ngozi isioze. Pampu iliponyamaza, godoro likaanza kushuka, na kabla ya adhuhuri nilipopitisha mkono chini ya mgongo wake nikahisi vyuma vya kitanda. Mashine ya oksijeni nayo imezima, mitungi ya akiba ni miwili, kampuni inayotuletea haipokei simu. Na joto la Julai, madirisha wazi, hakuna upepo. Siku ya tatu nikaona alama nyekundu kwenye kisigino cha kulia, nikaibonyeza kwa kidole, haikubadilika kuwa nyeupe. Hapo ngozi imeshaanza kuumia kwa ndani. Kidonda kile kilichukua miezi minne kufunga.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalomwambia yeyote mwenye mzazi wa namna hii: usipime kwa daraja la kimbunga. Madaraja yale, 1 hadi 5, hupima kasi ya upepo peke yake. Hayasemi kitu kuhusu mvua, maji ya bahari kupanda, wala umeme. Jiulize: mzazi wangu anaweza kukaa siku saba bila umeme? Kama jibu ni hapana, nyinyi ni wa kuondoka, hata jirani akibaki anachoma nyama uani.

Jambo la pili ni muda. Kituo cha Taifa cha Vimbunga kilichoko Miami hutoa ilani ya awali saa 48 kabla ya upepo mkali kutarajiwa, na onyo kamili saa 36 kabla. Muda huo umepangwa kwa watu wenye miguu. Anayebebwa anahitaji siku moja zaidi. Sisi tunaanza kufungasha utabiri ukituonyesha siku nne kabla, na zikibaki saa 72 tuko barabarani. Watu wa Houston waliokuwepo 2005 hawahitaji kuelezwa kwa nini. Kimbunga Rita kilipokuja mamilioni waliingia barabarani kwa wakati mmoja, magari yakasimama saa nyingi juani, na zaidi ya watu 100 wakafa katika kuhama kwenyewe, baadhi yao kwa joto. Kwenye basi moja lililobeba wazee wa nyumba ya kulelea wagonjwa, karibu na Dallas, walikufa 23. Fani za gurudumu la nyuma zilikosa grisi, moto ukaanza, na ndani mlikuwa na mitungi ya oksijeni. Nikifunga mitungi ya Baba nawakumbuka wazee wale.

Mwezi wa tano, kabla ya msimu, piga simu 2-1-1. Hiyo ni namba ya Texas ya huduma za jamii, na unaweza kuomba mkalimani. Waambie unataka kumwandikisha mzazi kwenye STEAR, daftari la jimbo la watu watakaohitaji msaada wakati wa dharura. Kama hamna gari la kumbeba, sema hapo hapo kwamba mtahitaji usafiri. Kuandikishwa si ahadi kwamba gari litakuja, na ni lazima kurudia kila mwaka. Mpango wako wa kwanza uwe wa kwako mwenyewe, na STEAR iwe akiba. Uliza pia eneo la posta yako liko kanda gani ya kuhama, maana amri hutolewa kwa kanda.

Halafu mnakwenda wapi. Hapa ndipo wengi wanakosea, na mimi nilikosea. Mwaka 2020 nilipiga simu hoteli moja San Antonio nikauliza kama wana chumba cha mlemavu, wakasema kipo. Tulipofika mlango ulikuwa mpana, bafu zuri, lakini kitanda kimekalia sanduku la mbao lililoshuka mpaka sakafuni. Tunamnyanyua Baba kwa winchi ya mgonjwa, ile yenye miguu miwili mirefu inayosukumwa chini ya kitanda. Miguu haikuwa na pa kuingia. Tulimhamisha kwa shuka, watu wanne, wawili wageni niliowaomba kwenye ukumbi, na nikamwona Baba amefumba macho kwa aibu. Siku hizi nauliza maswali matatu kabla ya kutoa kadi ya benki: chini ya kitanda kuna uwazi wa sentimita ngapi, mlango wa chumba na wa bafu una upana gani, na kama lifti ikifa mnaweza kunipa chumba cha chini. Asiyejua kupima namwomba akapime, nangoja kwenye simu.

Bora kuliko hoteli ni nyumba ya ndugu au rafiki, ghorofa ya chini. Rafiki yangu mmoja, mtu wa Muheza, anaishi San Antonio, na Januari mwaka jana nilikwenda kwake na tepu ya kupimia. Tulikubaliana chumba gani, kitanda kitakaa ukuta upi, soketi ziko ngapi. Na nimeshapata kampuni ya huko inayokodisha kitanda cha hospitali kwa wiki. Usiache kumwomba mwenzako kwa kuona haya. Omba mkiwa mmekaa mnakunywa chai, usingoje siku ambayo maji yanapanda.

Mizigo sitaiorodhesha yote, kila mgonjwa ana yake. Dawa za siku kumi na nne. Nepi hesabu za siku moja halafu zidisha kwa kumi. Unga wa kufanya maji ya kunywa yawe mazito, kama mzazi anapaliwa, maana dukani huwa unaisha mapema. Winchi yenyewe ikunjwe, na mashuka yake mawili ya kumbebea, la pili ni la akiba moja likilowa. Pampu ya godoro ifungwe ndani ya taulo. Karatasi moja iliyoandikwa kwa Kiingereza: magonjwa yake, dawa na vipimo vyake, uzito wake, asichopatana nacho, namba ya daktari. Iwe ndani ya mfuko wa plastiki, na picha yake iwe kwenye simu za watu watatu.

Baba ana kadi nyingine anayovaa shingoni. Imeandikwa: siwezi kusema lakini nasikia na naelewa, zungumza nami Kiswahili, nikifumba macho mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Ikitokea tukatenganishwa, au mimi nikaanguka, mtu wa zamu asiyemjua asimchukue kama gunia.

Oksijeni ihesabiwe kwa saa. Mtungi wa ukubwa wa E ukijaa, kwa lita 2 kwa dakika, hukaa kama saa tano. Safari yetu ya San Antonio ni karibu kilomita 380, siku ya kawaida saa nne, lakini mimi nabeba ya saa ishirini. Mitungi ifungwe isiviringike, isikae kwenye jua, dirisha liachwe wazi kidogo, na asivute mtu sigara humo hata kidogo.

Sasa kumwingiza garini. Tunaanza saa tisa usiku, barabara tupu na jua halijatoka. Kwanza namweleza. Nampa shikamoo, namwambia, Baba, kimbunga kinakuja, tunakwenda kwa fulani, tutalala huko siku kadhaa. Nangoja afumbe macho. Kumnyanyua mtu bila kumwambia anapelekwa wapi ni kumdhulumu, na mwili wake ukishtuka unakakamaa, ukikakamaa unaweza kumvunja au kumwangusha.

Kiti cha mbele kinasogezwa nyuma kabisa na kulazwa kidogo. Juu yake natandika mfuko mkubwa wa plastiki ili makalio yateleze. Kiti cha magurudumu kinawekwa sambamba na mlango, breki zote mbili zimefungwa, vya kukanyagia vimetolewa. Kijana wangu anasimama nyuma, mimi mbele, magoti yangu yakibana magoti ya Baba. Makalio yanaingia kwanza, kichwa nakilinda kwa kiganja kisigonge juu, halafu miguu, mmoja baada ya mwingine, nikishika kisigino na goti kwa pamoja. Mkono uliopooza haukokotwi kamwe, unakaa juu ya mto mapajani. Akishakaa sawa, plastiki inavutwa itoke. Ikiachwa inamtokesha jasho na atateleza tukifunga breki. Mwisho napitisha mkono chini yake nikinyoosha shati na suruali. Mkunjo mmoja wa nguo kwa saa tano unatosha kuanzisha kidonda.

Njiani tunasimama kila saa moja, hata kama foleni ndiyo kwanza imeanza kusogea. Kiti kinalazwa, Baba anaegemezwa upande mmoja kwa mto kwa dakika kadhaa, visigino vinaning'inia hewani juu ya taulo lililokunjwa. Kulisha ni gari likiwa limesimama tu, amekaa wima, na abaki wima nusu saa baada ya kumeza. Mafuta tunajaza tanki likifika nusu, maana kwenye foleni kiyoyozi ndicho kinachomweka hai. Hawezi kusema ana kiu, hivyo saa inasema badala yake: vijiko kadhaa kila tukisimama. Midomo ikikauka au mkojo ukawa wa rangi ya chai, tumeshachelewa.

Kubadilisha nepi garini kunahitaji sitara. Mke wangu hubeba kanga nne na vibanio vya nguo, tunabana kwenye madirisha yote, na kazi hiyo ninaifanya mimi au kijana, wanaume kwa mwanamume, kama ambavyo angetaka mwenyewe. Nina pia kimfuko cha udongo safi kwa ajili ya kutayamamu. Nampitishia mikono usoni na mikononi, namwambia wakati umeingia, adhuhuri na alasiri tunazijumuisha, na yeye anaswali kwa macho. Watu wa mipango ya dharura hawaiweki hiyo kwenye orodha zao. Mimi naiweka juu, kwa sababu baada ya swala pumzi yake hutulia.

Ikiwa mmechelewa na barabara zimeshafungwa, msiingie kwenye maji. Pigeni 2-1-1 kuulizia makazi ya dharura yanayopokea wagonjwa, na 911 kama uhai uko hatarini. Mkibaki nyumbani na jenereta, likae nje, mita 6 au zaidi kutoka mlangoni na madirishani, hata mvua ikinyesha. Gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi wake haina harufu ya kukuamsha, na anayelala kitandani hawezi kutoka mbio.

Laura hakikuja kwetu. Tulipoondoka usiku wa kuamkia Jumanne, 25 Agosti, wakazi wa kisiwa cha Galveston waliamriwa kuhama siku hiyo hiyo, halafu kimbunga kikapinda kwenda Louisiana, kikaingia Cameron usiku wa kuamkia Alhamisi kikiwa daraja la 4. Wapo walioniambia nimemsumbua mzee bure. Ningeulizwa leo ningeondoka tena, na mwaka 2024 laiti ningejisumbua vivyo hivyo.

Msirudi kwa sababu mvua imekatika. Rudini jirani akiwaambia umeme umerudi na umekaa siku nzima bila kukatika. Mimi natangulia na kijana kwanza: tunawasha kiyoyozi, tunajaza godoro, tunalala juu yake dakika kumi kuhakikisha halishuki, tunajaribu mashine ya oksijeni. Ndipo tunamleta Baba. Usiku huo anavuliwa nguo zote chini ya taa kali, na namkagua visigino, nyonga, mfupa wa mkia, viwiko na nyuma ya masikio alipopita mrija wa oksijeni. Palipo pekundu nabonyeza kwa kidole, naachia, nahesabu mpaka tatu. Pasipogeuka peupe, daktari anapigiwa simu asubuhi inayofuata.